Maswali ya wasomaji: Kabla ya kuuliza mlango una maana gani

Barua tulizochagua safari hii zinazunguka jambo moja: namna ya kuchambua picha, kinyago, mlango au jengo bila kuishia kwenye "kinapendeza sana". Tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyaacha kama walivyoomba.

Shikamooni wahariri. Nasoma kidato cha sita, Morogoro. Tulipewa picha ya Tingatinga tuichambue kwa kurasa tatu. Niliandika kwamba inavutia, ina rangi nzuri na inaonyesha utamaduni wetu. Mwalimu amenirudishia daftari na kuandika "Umeona nini?" Nianzie wapi?

Marahaba. Mwalimu hana ugomvi na rangi nzuri. Ana ugomvi na sentensi ambayo hata mtu asiyeiona picha angeweza kuiandika. "Ina rangi nzuri na inaonyesha utamaduni" itafaa kanga, kikapu na bango la soda.

Anza na kitu chenyewe kabla ya mnyama aliyechorwa. Pima urefu na upana. Geuza, uone nyuma: ni silingibodi au kitambaa kilichovutwa kwenye fremu? Picha nyingi za mwanzo za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, zilikuwa kwenye vipande vya silingibodi, mara nyingi mraba wa takriban sentimita 60 kwa 60, kwa rangi ya mafuta ya kopo, ile ile inayopakwa milango na baiskeli. Ubao huo na rangi hiyo vinaeleza nusu ya unachokiona. Rangi ya mafuta hukauka taratibu, na ukiweka ya pili juu ya mbichi zinachafuana. Kwa hiyo mchoraji hupaka eneo lote la nyuma kwa rangi moja, husubiri, huweka umbo la mnyama, husubiri tena, ndipo anamalizia madoa, mistari na macho. Ukishalijua hilo, huwezi tena kuandika kwamba "mchoraji alishindwa kuweka vivuli". Umbo bapa lenye kingo kali ndilo linaloendana na njia hiyo ya kazi, naye akalifanya kuwa mtindo.

Mpangilio wa matabaka unaweza kuuthibitisha kwa macho. Simama ubavuni mwa picha, mwanga wa dirisha uje kwa pembeni. Doa lililowekwa mwisho litainuka juu kidogo ya mengine, na mahali mistari inapokatana utaona upi umepita juu ya upi. Andika mpangilio huo kwa namba.

Kisha chora mraba mdogo daftarini na mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Weka nukta pale lilipo jicho la mnyama, kichwa kinapoishia na mkia unapogusa ukingo. Je, mwili umekaa katikati au umesukumwa upande mmoja? Mkia umepinda ili kujaza nafasi iliyobaki? Miguu imesimama kwenye ardhi, au mnyama anaelea? Eneo tupu ni robo ya picha, nusu, au hakuna kabisa? Hesabu rangi pia, na utenganishe zilizopakwa eneo kubwa na zilizo kwenye madoa tu.

Sasa andika sentensi ishirini ambamo maneno "nzuri", "inavutia" na "inaashiria" yamepigwa marufuku. Sentensi ya kumi hivi itakuwa ngumu, na hapo ndipo utaanza kuona kweli. Zikitimia, chagua tano zinazoelekea upande mmoja, uzijengee hoja. Tuseme mbele yako kuna chui. Aya yako inaweza kuwa hivi: "Mwili wa chui unachukua karibu theluthi mbili za ubao na mkia wake umepinda kufuata ukingo wa juu. Eneo la nyuma lina rangi moja tu, bila mti wala mlima. Madoa yake yamepangwa kwa safu na hayafuati mviringo wa mwili. Kwa sababu hiyo tunamsoma chui kama nakshi iliyotandazwa juu ya ubao, wala si mnyama aliyesimama mbugani." Msomaji anaweza kurudi kwenye picha akahakikisha kila neno, na akitaka kukupinga ana pa kushika.

Tahadhari moja. Picha zilizosongamana, zenye wanyama kumi na eneo la nyuma linalofifia kutoka rangi iliyokolea hadi nyepesi, kwa kawaida ni za vizazi vilivyofuata. Kwa hiyo usiandike "Tingatinga alichora" kwa kila picha ya mtindo huu. Andika "picha ya mtindo wa Tingatinga" mpaka uwe na ushahidi wa mchoraji. Saini peke yake haitoshi, kwani saini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kuiga.

Naongoza wageni Mji Mkongwe, Unguja. Kila siku tunawaambia kwamba mlango wenye nakshi ya mnyororo ulikuwa wa mfanyabiashara wa watumwa, na njumu za shaba, zile vichwa vya misumari vilivyochomoza, ni za kuzuia tembo. Juzi mgeni mmoja aliniuliza nimejuaje. Kweli, tunajuaje?

Hilo ndilo swali ambalo kila mchambuzi anapaswa kuulizwa, na tungependa waongozaji wengi zaidi wakumbane nalo.

Tuanze na mlango kama kazi ya fundi. Usome kwa vipande, kutoka nje kwenda ndani: fremu yenye miimo miwili ya pembeni na kizingiti cha juu, kizingiti cha chini, mbao mbili zinazofunguka, na katikati mfaa, ule mti wima wenye nakshi. Mfaa umeshikizwa kwenye ubao mmoja tu na unaulalia mwenzake. Mlango ukifunguka kwa ndani, ubao usio na mfaa ndio unaoweza kufunguliwa peke yake. Kisha pete, komeo, tumbuu na njumu. Kwa kila kipande andika mti wake kama unautambua (msaji na mfenesi ni miongoni mwa miti iliyotumika), kina cha nakshi kwa milimita, na kama ukali wa patasi bado unaonekana au umelainishwa na miaka ya rangi na mafuta.

Mkusanyiko wa nakshi zenyewe si mkubwa. Utaona samaki au magamba yake chini ya miimo, mistari ya mawimbi, yungiyungi au waridi, matawi yanayosomwa kama mtende au mti wa ubani, na mnyororo au kamba inayozunguka fremu upande wa nje. Utakuta pia maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu, mara nyingi aya ya Kurani, pengine na jina na mwaka.

Sasa tuupime ule mnyororo. Dai la kwamba mwenye nyumba aliuza watu linahitaji angalau vitu vitatu: tarehe ya mlango, uhakika kwamba mlango ulitengenezwa kwa ajili ya nyumba hiyo, na habari ya mwenye nyumba kutoka kwenye hati au maandishi. Nakshi haitoi hata kimoja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa mwaka 1897. Milango mingi inayosifiwa leo ni ya robo ya mwisho ya karne ya 19. Ukiona kizingiti cha juu kimepinda kama tao na kimejaa maua na matawi, unatazama mtindo wenye mkono wa India ulioshamiri wakati huo. Sayyid Barghash, sultani aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa ameishi uhamishoni Bombay, na jumba lake la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883. Milango ya kizingiti kilichonyooka kwa jumla ndiyo ya mtindo wa zamani zaidi. Kwa hiyo mlango wa tao wenye mnyororo huenda ulichongwa soko likiwa limeshafungwa.

Jambo la pili ni kwamba milango husafiri. Imeuzwa, imerithiwa, imeng'olewa nyumba moja ikapachikwa nyingine. Angalia kama fremu inaenea vizuri kwenye ukuta au pengo limezibwa kwa saruji, na kama nakshi imekatwa ghafla pembeni, yaani fremu imepunguzwa. Tazama pia kama miimo na mbao vina mkono mmoja wa mchongaji. Mlango uliohama hauwezi kutoa ushahidi dhidi ya mwenye nyumba ya sasa.

Tatu, mnyororo unaozunguka ukingo ni nakshi ya mpaka. Hufanya kazi ya kufunga uwanja wa nakshi, kama pindo la leso. Wapo wanaousoma kama ulinzi wa nyumba, na usomaji huo unaendana vizuri zaidi na mahali ulipo, kwenye mpaka wa ndani na nje. Hatusemi utumwa haukugusa nyumba hizi. Utajiri mwingi wa Unguja ya karne ya 19, mashamba ya karafuu yakiwemo, ulisimama juu ya mgongo wa watumwa. Hilo waambieni wageni bila kupunguza, ila msiubebeshe mlango mmoja jina la mtu kwa sababu ya pambo.

Njumu nazo zipimwe vivyo hivyo. Habari ya tembo wa vita inahusishwa na India, na hakuna tembo wa vita aliyewahi kubamiza mlango Shangani. Zunguka nyuma ya mlango: ukiona misumari imepita na kukunjwa kwenye mapande ya kulala, njumu zilianza kama kazi ya kushikilia mbao, halafu zikawa fahari. Kama hazikupita, ni pambo tupu. Kwa mgeni unaweza kusema: "Wengi husimulia hivi, mlango wenyewe unaonyesha hivi." Atakuheshimu zaidi.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, Dar es Salaam. Natakiwa kuchambua nyumba ya kale ya mawe Lamu ambayo haina ramani. Vifaa gani nibebe na nifanye nini kwanza?

Beba tepu ya fundi ya mita 5, tepu ndefu ya mita 30, timazi, dira, penseli, karatasi za miraba na taochi. Kipimio cha leza ni kizuri, lakini kwenye ukuta wa chokaa uliovimba kitakupa namba sahihi za mahali pasipo sahihi, basi usiache tepu nyumbani.

Siku ya kwanza tembea tu, na uchore ramani kwa mkono bila kipimo. Majina ya vyumba yaulize kwa wenyeji, kwa sababu yanabeba mpangilio wenyewe: daka mlangoni na mabaraza yake ya kukalia, tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, msana wa tini na msana wa yuu (kumbi ndefu, wa chini na wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani, na nyuma yake nyumba kati na choo. Anayekuja kwa shughuli huishia daka. Kadiri unavyoingia ndivyo mambo yanavyozidi kuwa ya familia, na ukuta wa ndani ndiko ziliko zidaka, safu kwa safu za vijishubaka vya lipu iliyochongwa. Weka alama kwenye ramani: kutoka daka unaona nini? Ukikuta mlango haukabili kiwanda moja kwa moja, chora mstari wa jicho na uonyeshe unapokatwa na ukuta.

Siku ya pili pima. Kosa linaloharibu ramani nyingi za wanafunzi ni kudhani pembe zote ni mraba. Kila chumba kipime pande nne na mikato miwili ya pembe hadi pembe. Mfano: chumba cha mita 6.20 kwa 2.60 chenye pembe mraba kina mkato wa mita 6.72, na yote miwili ni sawa. Ukipata 6.60 na 6.85, chumba kimelala upande, nawe uchore kilivyo. Kosa la pili ni kupima vipande vipande (mlango, ukuta, dirisha, ukuta) kisha kujumlisha. Kila kipande kinakuja na kosa lake la sentimita moja, na mwisho wa ukuta umeshapotea sentimita nane. Funga tepu ndefu kwenye kona, soma kila kitu kutoka sifuri hiyo hiyo. La tatu ni unene wa kuta. Pima mlangoni au dirishani, halafu jumlisha vyumba na kuta zote ulinganishe na kipimo cha nje. Jumla zikikataa kulingana kwa mita nzima, usifute. Huenda kuna chumba kilichozibwa, au ngazi ya zamani ndani ya ukuta.

Chora kwa skeli ya 1:50. Chumba kile kitakuwa sentimita 12.4 kwa 5.2, kinatosha kuonyesha zidaka. Usisahau mchoro wa mkato wima, maana dari na vidato vya sakafu havionekani kwenye ramani.

Halafu uliza kwa nini. Kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba? Tazama juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, juu yake mabamba ya mawe na zege nzito ya chokaa. Boriti nzuri inavuka takriban mita 2.5 hadi 3, zaidi ya hapo inapinda. Upana wa chumba unaamuliwa na mti, urefu unaamuliwa na mwenye nyumba. Pima nafasi kati ya boriti na boriti, na kipenyo chake: mahali zilipokaribiana kuliko kawaida, mara nyingi kuna mzigo juu, labda ukuta wa ghorofa. Kuta nene za mawe ya matumbawe, takriban nusu mita, hubeba mzigo huo na pia huchelewesha joto la mchana lisifike ndani mapema. Weka kipimajoto kiwandani na kingine ndani, saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Namba sita hizo zitakusaidia kuliko aya nzima ya "nyumba ina hewa nzuri".

Mwisho, jihadhari na ukarabati. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa hufungia unyevu ndani, chumvi inatoka, jiwe linamomonyoka na lipu inabanduka kwa mabamba. Ukiona ukuta umeoza, usiandike kwamba ufundi wa kale ulikuwa dhaifu kabla hujajua saruji ilipakwa lini. Kwa kijiwe kidogo kwaruza pasipo nakshi: chokaa huchubuka ikawa unga mweupe, saruji hubaki ngumu na ya kijivu. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwanza.

Kwenye makaburi na misikiti naona mwaka wa Hijra. Naugeuzaje haraka?

Zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622. Maandishi ya Kufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana mwaka 500: 485 na 622 ni 1107. Kaburi maarufu la Gedi, pwani ya Kenya, lenye mwaka 802 linatoa 1399 na ushei. Njia hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa hiyo kwa kazi ya kitaalamu tumia jedwali lenye mwezi na siku.

Ila mwaka ulioandikwa ni wa maandishi, si lazima uwe wa ukuta ulioyashika. Huko huko Kizimkazi sehemu kubwa ya jengo lilijengwa upya katika karne ya 18. Aandikaye "msikiti huu una miaka mia tisa" anasema kweli kuhusu mahali na maandishi, na anakosea kuhusu kuta nyingi anazozitazama.

Nafundisha historia Lindi. Nataka kuwapeleka wanafunzi Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Watawezaje kuona wenyewe kwamba ulijengwa kwa awamu, bila mimi kuwasomea kitabu?

Wape dira kwanza. Makka iko longitudo 39.8 Mashariki, Kilwa karibu 39.5. Maana yake kibla ya Kilwa ni kaskazini karibu kabisa. Waulize: ukitaka kuongeza msikiti na hutaki kuuvunja ukuta wa mihrabu, utaongezea upande gani? Watajibu kusini, nyuma ya wanaoswali. Sasa waingie. Ukumbi mdogo wa kale uko kaskazini, nyongeza kubwa iko kusini.

Ukumbi wa kaskazini, wa karne ya 11 au 12, ulikuwa na nguzo tisa. Wachore safu tatu za nguzo tatu ndani ya mstatili na wahesabu vyumba vya dari vinavyopatikana: 16. Dari hiyo ilikuwa bapa. Kusini wataona jambo jingine kabisa, matao, kuba na dari za mviringo mfano wa nusu pipa, na nguzo za pande nane. Waulize kila aina ya dari inasukuma wapi. Dari bapa inakandamiza chini tu; tao na kuba vinasukuma pia pembeni, hivyo vinahitaji nguzo nene au jirani wa kuzuiana naye. Nyongeza ya kwanza ni ya mwanzoni mwa karne ya 14. Sehemu yake iliporomoka, ikajengwa tena karne ya 15.

Kisha wapeleke pale kumbi mbili zinapokutana. Ukuta uliojengwa kwa pamoja unafungamana, mawe ya upande huu yanaingia upande wa pili. Ulioegeshwa baadaye unaacha mshono wima ulionyooka. Wakilipata hilo kwa vidole vyao hawatalisahau.

Darasani umalizie na Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na maandishi ya safari yake yanavyosomwa sana yanasema mji ulijengwa kwa miti. Wanafunzi watakuwa wametoka kuona mawe. Waache wabishane: aliona mitaa ya kawaida? Mnukuzi alikosea? Alisimulia miaka mingi baadaye? Hati na jengo vinahojiwa vyote viwili.

Nimenunua kinyago cha ujamaa cha Kimakonde, kile cha watu wengi waliobebana, nimeambiwa ni mpingo mtupu. Nitajuaje? Na nikichambue vipi, maana kila upande kina sura nyingine?

Kwanza uzito. Mpingo una takriban kilo 1.2 kwa lita moja ya ujazo, ndiyo maana unazama majini. Lakini usikitumbukize kinyago, kitapasuka. Geuza uone kitako, maana huko rangi ya viatu husahaulika. Kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo kikitoka cheusi, kinyago kimepakwa rangi. Kiini cha mpingo ni cheusi au kahawia iliyokolea na tabaka la nje ni la njano iliyopauka. Wachongaji wengine huliacha makusudi. Weusi usio na mabadiliko popote ndio wa kutilia shaka. Nyufa ndogo si dalili ya ughushi, mara nyingi ni chumba chenye kiyoyozi.

Wepesi nao si ughushi kila mara. Lipiko, yaani kinyago cha ngoma, huvaliwa kichwani, kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi.

Kuhusu uchambuzi, kiweke juu ya meza, weka alama nne kukizunguka, uchore muhtasari kutoka kila alama. Hesabu watu kuanzia chini, na kwa kila mmoja andika amebebwa na nani na anamgusa nani. Angalia matundu: mchongaji aliyefungua nafasi katikati ya gogo moja bila kuvunja mkono hata mmoja alijua mshipa wa mti unakwenda wapi. Maana ya mshikamano uizungumzie baada ya hapo, ukionyesha ni miguso ipi inayoibeba. Na kama vichwa vya juu vimechongwa kwa makini na vya chini vimerashiwarashiwa kwa ajili ya duka, sema hivyo.

Ni kweli Fort Jesus ya Mombasa ilichorwa kwa umbo la mtu aliyelala?

Ukiitazama ramani, kichwa, mikono na miguu vinaonekana, na aliyeichora, Giovanni Battista Cairati wa Milano, alitoka katika ufundi wa Italia uliothamini uwiano wa mwili wa mwanadamu. Lakini ujenzi ulianza mwaka 1593, enzi ya mizinga, na zile "mikono na miguu" ni ngome za pembeni zilizochomoza ili mizinga ya kila moja isafishe uso wa ukuta wa jirani. Chora mistari ya risasi kutoka kila ngome na utazame kama kuna kona isiyofikiwa. Kazi hiyo inaeleza pembe za kuta. Umbo la mtu linaeleza, labda, kwa nini mpangilio ule ulimridhisha mchoraji. Na usiviweke vyote unavyoviona mle kwenye karne ya 16: Waomani waliitwaa mwaka 1698, Waingereza wakaifanya gereza hadi 1958.

Ni lazima nitaje nadharia?

Chuoni, mara nyingi ndiyo. Ile ya mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky (1939) inatumika vizuri kwa sababu ina ngazi tatu zinazoeleweka. Kwenye mlango wa Unguja: ngazi ya kwanza ni "mistari ya mawimbi na umbo lenye magamba". Ya pili ni "samaki, nakshi inayojulikana Pwani". Ya tatu ni mji uliotajirika kwa bahari unaotaka mlango wake useme hivyo. Wengi hurukia ya tatu. Ukinukuu nadharia na ngazi ya kwanza ina sentensi mbili, msahihishaji ataona.

Siwezi kufika kwenye jengo tena, nina picha za simu tu. Zinatosha?

Zinatosha kama zilipigwa kwa ajili hiyo. Kwa anayekwenda kesho: rudi nyuma angalau mara mbili ya kimo cha jengo, kwa kuwa ukipiga karibu na simu imeinuliwa kuta zitaonekana zinakutana juu. Njia ikiwa nyembamba, piga vipande na usipime kitu kutoka kwenye picha hizo. Weka rula au fimbo iliyopimwa ndani ya angalau picha moja ya kila upande, na karatasi nyeupe kwenye picha moja ya kila chumba, ili rangi za kweli zirekebishwe baadaye. Nakshi zipige mara mbili, mara ya pili ukizima flashi na kuegemeza taochi ukutani mwanga uparaze juu ya uso. Piga kona, maungio, kitako na upande wa nyuma, vile ambavyo hakuna anayevipiga kwa uzuri. Kwa zilizokwisha kupigwa, kila sentensi unayoiandika iwekee namba ya picha inayoithibitisha. Isiyo na namba ifute au uiulize kwa aliye karibu na jengo.